Aliyemuuliza Shemeji Yake

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Cishugi, mtaa mmoja wa Bukavu, wao walianza na ukuta, nyufa zikafuata.

Ukuta wenyewe ulisimamishwa wakati wa kiangazi, pale mfereji mkubwa unapoteremka kutoka kilimani kwenda ziwani. Mtu mmoja mkubwa, ambaye hapo mtaani hakuna aliyewahi kumwona sura, isipokuwa vioo vyeusi vya gari lake, alitaka uzio wa kiwanja chake unyooke. Mfereji ulikuwa njiani. Waashi wakauziba kwa mawe na saruji, wakakusanya vyombo vyao, wakaenda. Jua lilikuwa linawaka na hakuna aliyejali. Mvua za Septemba zilipofika, maji yalishuka kama yalivyozoea, yakakuta njia imefungwa, yakageukia nyumba za watu. Yaliingia majikoni yakatoka na masufuria. Ukuta wa shule ya msingi ukapata mpasuko ambao watoto walikuwa wakitia vidole ndani yake wakati wa mapumziko.

Kila mtu alijua kwamba ukuta wa namna hiyo haujengwi bila mkuu wa kartie, yaani wa mtaa, kukubali. Mkuu wa kartie alikuwa Jean-de-Dieu, mtu mpole, mwenye koti moja la kahawia la mikutano. Hakuna aliyemuuliza. Watu wa Chama cha Nyuki, kilichoshika serikali, walinyamaza kwa sababu Jean-de-Dieu alikuwa wao. Watu wa Chama cha Ngoma, wapinzani, hawakunyamaza, lakini na wao hawakuuliza. Walipiga kelele, na mtu akipigiwa kelele hujibu kwa kelele au huenda zake nyumbani.

Mambo yakaharibika haraka. Vijana wa Ngoma walifunga barabara kwa mawe na matairi kutwa nzima. Siku hiyo hiyo Carine, mke wa fundi viatu, alishikwa na uchungu wa kuzaa, akaambiwa hapiti mtu, akajifungulia kwenye kibanda cha muuza makaa. Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa. Vijana wa Nyuki wakalipiza kwa kurushia mawe lango la Hadji Amuri, kiongozi wa Ngoma hapo mtaani, mzee ambaye asili ya familia yake ni Uvira na ambaye huuza vipuri vya pikipiki sokoni Nyawera. Kisha kila upande ukatangaza kwamba Jumamosi utakwenda ukutani, hawa kuubomoa, hawa kuulinda. Na Bukavu nzima inajua mambo hayo yanavyokwisha: vijana wakikutana na mawe mikononi, wenye bunduki huja, na wenye bunduki hawaulizi mtu kadi ya chama.

Aliyekosa usingizi kwa ajili ya Jumamosi hiyo alikuwa Eulalie, rais wa akina mama wa Nyuki pale Cishugi. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na sokoni Nyawera ana meza ya vitenge inayotazamana na kibanda cha Hadji. Kwa sauti ile, kila mtu alidhani haogopi kitu. Waliokosea ni wengi.

Eulalie alikuwa mjane wa Xavier, na Xavier alikuwa kaka mkubwa wa Jean-de-Dieu. Nyumba aliyokuwa akiishi na binti yake Ornella na wadogo wa Ornella imesimama kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe, na tangu Xavier afariki, anayesema kwa niaba ya ukoo ni Jean-de-Dieu. Sheria inamlinda mjane, ndiyo. Lakini Eulalie aliwajua wajane waliorudi kutoka sokoni wakakuta kufuli jipya mlangoni na magodoro uani, na sheria haikuwa imewafungulia. Jean-de-Dieu hakuwahi kumtolea neno baya. Tena hakuwahi kupewa sababu.

Jumatano alikwenda kumwona nyumbani kwake, akamkuta anakunywa uji. Alijaribu kulileta neno kwa mzunguko, akianza na mvua, akapita kwenye shule.

"Maman Ornella," Jean-de-Dieu alimkatiza bila kumtazama, "ile maneno ya ukuta uache. Iko mambo ya batu bakubwa."

"Na siye badogo tutakufa na mayi?"

"Uache, nimekuomba."

Eulalie akaacha, kwa siku hiyo. Akiwa njiani kurudi alijichukia. Alikuwa ameomba kura nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chama kile, akiahidi mifereji, na sasa mfereji wenyewe umezibwa na watu wake mwenyewe, naye amefumba mdomo. Kesho yake asubuhi, kabla hajaweka hata kitenge kimoja mezani, alivuka njia, akasimama mbele ya kibanda cha Hadji Amuri. Tangu mawe yale ya langoni walikuwa hawasalimiani. Hadji alikuwa anapanga cheni za pikipiki kwenye misumari.

"Papa Hadji, niko na neno. Lakini si la soko."

Mzee alimaliza kutundika cheni aliyoishika. "Basi kuya kunyumba, kisha sala ya saa kumi. Salima atapika chai."

Sebuleni kwa Hadji kulikuwa na zulia jekundu na dirisha lililozibwa kwa ubao, kwa kuwa jiwe moja lilivuka lango likafika mpaka pale. Eulalie aliliona, akakaa akilipa mgongo. Salima, mke wa Hadji, alileta birika la chai ya tangawizi na sahani ya maandazi. Akamimina kikombe cha mgeni, na kabla hajampa, alikiinua akapiga funda moja mbele ya macho yake. Ndipo akampa.

"Unaona, maman Eulalie, nimeonja," Salima alisema kwa upole. "Sababu kwenu banasema siye tunapeaka batu karuho."

Karuho ni sumu. Bukavu hakuna neno linaloogopwa kuliko hilo, na mtu akitaka kuharibu jina la jirani yake, humpa hilo. Eulalie alilisikia likisemwa juu ya nyumba hii na mama zake mwenyewe wa chama, kwenye mkutano, huku wakicheka. Hakuwakemea. Sasa kikombe kilikuwa cha moto mkononi mwake na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama Salima, unisamehe. Nilisikia, nikanyamaza."

"Kunywa, isipoe," Salima akasema.

Eulalie akanywa. Na akiwa katikati ya kikombe, jambo ambalo amelifanya tangu utoto bila kulifikiria likamsimamisha. Akakiweka kikombe chini.

"Papa Hadji, kwetu kijijini mutu akileta kasiksi kwa bageni, nani anaonja wa kwanza?"

"Mimi pombe sikunywaka, maman. Lakini najua. Mwenyewe njo anaonja, ili bageni basiogope."

"Basi chef, Jean-de-Dieu, ni pombe yetu, siye Nyuki. Ni siye tulimupika, tukamuleta hapa, tukasema kunyweni. Kama wewe unamuuliza juu ya ukuta, watasema ni siasa, ni wivu, watapiga mawe. Wa kumuuliza ni mimi. Tufanye tribune Jumamosi asubuhi, kabla batu bafike ku ukuta, na mimi njo nitauliza wa kwanza."

Tribune ni desturi iliyokuwapo zamani pale Cishugi: mkuu hukaa kwenye kiti katika uwanja wa shule, na mwananchi yeyote husimama akamuuliza. Ilikufa kwa sababu kila muulizaji alikuwa anazomewa na upande wa pili kabla hajafika katikati ya swali. Hadji aliitafakari, akizungusha tasbihi yake.

"Na mimi? Nitakaa tu nikikuangalia?"

"Wewe utaonja yako. Ile barrage ya Carine."

Mzee akaiweka tasbihi chini. Aliyeongoza barrage hiyo ya mawe na matairi alikuwa Josué, na Josué alikuwa mtoto wa dada yake Hadji, dada aliyeolewa na Mkristo, jambo lililochukua miaka kupona katika familia. Kumuuliza Josué hadharani ilikuwa kugusa kidonda hicho.

"Unaniomba neno kubwa," alisema mwishowe.

"Najua."

"Na nyumba yako, maman? Ile nyumba ya Xavier? Jean-de-Dieu akikasirika?"

Eulalie angeweza kujibu kwa ushujaa, na mdomo alikuwa nao. "Niko naogopa, papa. Sikudanganye. Niko naogopa sana."

Salima akammiminia kikombe cha pili. Mara hii hakukionja.

Walikubaliana mambo machache. Hakuna bendera, hakuna vitenge vya chama, na kila kiongozi atawaleta vijana wake yeye mwenyewe na kukaa katikati yao. Hadji alikwenda kumwarifu mkuu wa kartie, akimwambia tu kwamba watu wanataka tribune. Jean-de-Dieu alikubali, maana alishajiandaa miezi mingi kwa maswali ya Ngoma na alikuwa na jibu lake tayari.

Jumamosi jua lilitoka baada ya mvua ya alfajiri. Uwanja wa shule ulikuwa na matope, watu wakasimama juu ya mawe na vipande vya mabati. Vijana wa Nyuki walikuwa upande wa choo, wa Ngoma upande wa bendera ya shule, na wengine hawakuona haya kuja na nyundo na fimbo, kwa kuwa kutoka hapo safari ilikuwa ya ukutani. Jean-de-Dieu alikaa katikati na koti lake la kahawia. Carine alikuwapo, mtoto mgongoni.

Eulalie aliposimama, akina mama wa Nyuki walimpigia makofi na vigelegele. Walidhani amekuja kumtetea mkuu. Alikaza fundo la kitenge kiunoni, akasogea mbele ya kiti.

"Chef, mimi ni Eulalie, wa Nyuki. Kura yako niliiombaka mimi mwenyewe ku kila mulango wa hapa. Sasa nakuuliza. Ule ukuta uko juu ya mufereji. Nani aliruhusu baujenge? Na mayi itapita tena lini?"

Vigelegele vilikatika. Kutoka upande wa choo mtu akauliza, bila hasira hasa, "Maman, weye ni wetu kweli?"

"Njo maana nauliza," Eulalie akasema.

Jean-de-Dieu alifungua mdomo. Jibu lake lilikuwa pale, limekaa miezi: hii ni siasa ya wapinzani. Lakini anamwambiaje hivyo mke wa marehemu kaka yake, aliyebandika picha zake ukutani kwa uji wa mhogo? Alimtazama Eulalie kwa muda, na Eulalie aliona ndani ya macho yale jambo aliloliogopa tangu Jumatano. Alitamani kukaa chini. Hakukaa.

"Nitajibu," mkuu akasema. Kisha akaanza kuchezea vifungo vya koti lake.

Filimbi zikaanza upande wa bendera. Vijana wa Ngoma walinusa ushindi, na mmoja alikuwa tayari ameinua nyundo juu akiita wenzake waende. Hapo Hadji Amuri akasimama. Watu walitazamia amgeukie mkuu wa kartie. Yeye akampa mkuu mgongo, akawageukia vijana wake mwenyewe.

"Josué. Siku ya barrage, Carine alikuwa na uchungu. Nani alimukataza kupita?"

Josué alicheka kidogo, kama mtu anayengoja wenzake wacheke. Hawakucheka.

"Tonton, ile siku ilikuwa ya ku..."

"Sikuulize siku. Nakuuliza nani."

Kijana akatazama matope. Alikuwa na mwili wa kubeba magunia na uso uliokuwa bado unajifunza ndevu. "Ni mimi," akasema. "Nilisema sitamufungulia mutu. Nilizania ni ujanja tu. Mama Carine, unisamehe."

Carine alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akampakata. "Nimesikia," akasema. Hakuongeza kitu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai zaidi.

Uwanja ukawa na utulivu wa ajabu. Wale wa Nyuki waliokuja kuzomea walikosa wa kumzomea, kwa sababu mzee wa wapinzani alikuwa amekwisha kuwafanyia kazi yao. Wale wa Ngoma nao hali kadhalika. Katika utulivu huo Jean-de-Dieu alisimama, akavua koti, akaliweka juu ya kiti.

"Ni mimi niliruhusu," alisema. "Sikutaka, lakini niliruhusu. Nilipigiwa simu. Waliniambia kama nakataa, kesho kutakuwa chef mwingine. Nikatafuta nani atasimama na mimi, nikakosa. Nyuki mungesema nimeuza chama. Ngoma bangecheka."

"Ungetuambia," mama mmoja akasema.

"Ningewaambia nini? Munapita hapa kila siku, munasalimia, munaenda. Akuna mutu aliniuliza."

Eulalie akasikia neno hilo likimchoma, maana lilikuwa kweli. Hadji alikuwa amekaribia kiti cha mkuu. "Mupigie sasa," akasema. "Mupigie hapa, batu basikie."

Jean-de-Dieu akatoa simu. Eulalie akaiweka kwenye kipaza sauti cha shule. Iliita, ikaita, na sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa ikatoka juu ya matope yote ya Cishugi ikiuliza chef anataka nini asubuhi hii.

"Nataka kufungua mufereji, mukubwa. Leo."

"Nani amekutuma?"

"Niko na Nyuki na niko na Ngoma. Bote bako hapa. Banakusikia."

Kimya. Unaweza kumtisha mtu mmoja kwa simu, lakini uwanja mzima unatishwaje, tena uwanja ambao huwezi kuuambia kwamba ni wa wapinzani? Sauti ilipungua uzito. Ilisema yeye hakujua kama maji yanasumbua watu, waashi ndio hawakufikiri, wafungue tu hiyo njia ya maji, ila ukuta uliobaki wauache. Uongo mtupu, na kila mtu aliujua. Lakini njia ya maji ndiyo waliyoitaka.

Wakaenda ukutani, maana ndiyo ilikuwa safari ya siku hiyo. Waliokuja na nyundo walizitumia. Josué alipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kijana wa Nyuki aliyevunja dirisha la Hadji ndiye aliyemtolea mawe. Si wote waliofurahi. Wapo wa Nyuki waliomwambia Eulalie kwamba amewaaibisha na kwamba urais wa akina mama utapata mwenyewe mwingine. Mchana maji machafu yalipita chini ya ukuta na kuelekea ziwani, na watoto wakayakimbiza.

Eulalie hakukaa kuyatazama. Alirudi nyumbani, akashusha sanduku juu ya kabati, akaanza kukunja nguo. Ornella alimkuta hivyo.

"Maman, tunaenda wapi?"

"Sijui bado. Ukunje za wadogo zako."

Binti akakunja bila kuuliza tena, na hilo lilimuuma mama yake kuliko maswali. Eulalie alishika shati la Xavier, alilolihifadhi kwa harufu iliyokwisha kuisha, akalia kidogo, akalitia sandukuni. Hakujuta. Aliogopa tu, na aliona kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa moyoni pamoja.

Jua likiwa bado juu ya milima, mlango uligongwa. Alikuwa Jean-de-Dieu, suruali imejaa matope mpaka magotini, koti begani. Aliliona sanduku. Akaliona na shati la kaka yake juu ya nguo nyingine.

"Munasafiri?"

"Nimekuaibisha mbele ya batu," Eulalie akasema. "Niliona namna uliniangalia. Nilisema nisingoje kufuli."

Jean-de-Dieu alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akapangusa uso. "Nyumba ni ya Xavier na ya batoto bake. Hata ungenitukana, ingekuwa ya bo. Urudishe hiyo nguo, maman Ornella, usinifanye mutu mubaya." Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Kweli nilikasirika. Nilikasirika mpaka kwenye simu. Lakini vile ile sauti ilinyamaza... Sijawahi kuisikia ikinyamaza."

Eulalie alikwenda jikoni, akarudi na bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, akaweka mbele yake. Shemeji yake hakugusa chakula. Alikuwa anazungusha sahani.

"Maman Ornella, tribune tufanye tena mwezi unaokuja."

"Juu ya nini tena? Mufereji umefunguka."

"Kuko mwingine," akasema kwa sauti ya chini. "Anataka uwanja wa shule, ule ule tulisimama leo. Ananipigia kila siku, na mimi peke yangu nitamukubalia, najijua. Uniulize. Wewe na Hadji, muniulize mbele ya batu bote, kwa ile sauti ya leo."

Eulalie alimtazama, mkuu wa kartie mzima, amekaa na matope yake akiomba aulizwe. Akalisukuma sanduku kando kwa mguu, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Kula kwanza," akamwambia. "Kisha uniambie vizuri: nani anakupigia?"